Kabla hujaitupa laptopu ndogo: jinsi ya kujaribu mfumo endeshi mwepesi bila kugusa diski yake

Laptopu ninayoizungumzia ina skrini ya inchi 10, prosesa ya Intel Atom N270 na RAM ya GB 1. Ni ya kizazi kile kilichoibuka baada ya Asus kuleta Eee PC mwaka 2007, kila kampuni ikakimbilia kutengeneza kikompyuta chake. Siku hizi ukiiwasha na mfumo wake wa zamani unaweza kwenda kuoga, ukarudi ukakuta taa ya diski bado inapepesa. Wengi wakifika hapo huifungia kabatini. Wengine, hasira zikiwapanda, hufuta kila kitu na kusakinisha Linux ya kwanza waliyosikia ikisifiwa, kesho yake wakagundua Wi-Fi haishiki na mafaili yao yamekwenda.

Mwongozo huu ni wa kujaribu tu. Mfumo mpya unawaka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya RAM, na diski ya laptopu inabaki kama ilivyo. Ukichoka, unazima, unachomoa flashi, na mashine inarudi kwenye hali yake ya jana.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimechelewa: mfumo mwepesi unapunguza uzito wa mfumo, haupunguzi uzito wa tovuti. Laptopu inaweza kuwaka kwa kasi ya ajabu, menyu zikafunguka kabla hujaondoa kidole, halafu ukafungua ukurasa mmoja wa habari ikalala chali. Kwa hiyo mtu akikuonyesha eneokazi tupu lililotumia RAM kidogo, bado hajakuonyesha kitu. Jaribio la kweli linafanyika ndani ya kivinjari, na huko ndiko tutakakokaa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Ijue mashine

Unahitaji kujua mambo manne: biti za prosesa, ukubwa wa RAM, namna mashine inavyoanza (BIOS ya zamani au UEFI), na aina ya chipu ya picha.

Tuanze na biti. Kwenye Windows 10 fungua Settings, ingia System, kisha About, utafute mstari wa "System type". Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor", maana yake Windows iliyomo ni ya biti 32 lakini prosesa yenyewe inabeba biti 64. Soma nusu ya pili ya mstari, ndiyo inayoihusu mashine. Kama tayari kuna Linux ndani, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

`lscpu | grep op-mode`

Jibu likiwa "32-bit, 64-bit", uko huru kuchagua. Likiwa "32-bit" peke yake, nusu ya mifumo unayoisikia ikitajwa imeshatoka kwenye orodha yako. Atom N270 na N280 ni za biti 32 tu. N450 na ndugu zake waliofuata wanabeba biti 64.

Kuna kundi moja lenye mtego: laptopu ndogo na tableti za prosesa kama Atom Z3735F. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI inayoiwasha ni ya biti 32. Ukiweka flashi ya kawaida ya biti 64, haionekani kabisa kwenye menyu ya kuwashia, nawe unaanza kuilaumu flashi. Dawa ni kufungua flashi yako kwenye kompyuta nyingine, uingie folda ya EFI kisha BOOT, uangalie kama kuna faili liitwalo `bootia32.efi`. Kama lililopo ni `bootx64.efi` tu, mashine hiyo haitaiona. Kwenye Linux iliyowaka kwa UEFI, amri `cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size` inakujibu 32 au 64 bila maneno mengi.

RAM na namna ya kuanza unaviona kwa pamoja ukiandika `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows: tazama "Installed Physical Memory" na "BIOS Mode". Neno "Legacy" ni BIOS ya zamani. Ukiwa hapo, fungua Components, kisha Display, usome jina la chipu ya picha. GMA 950, iliyofungwa kwenye laptopu nyingi za N270, haina matatizo na Linux. Ukikuta GMA 500 au GMA 3600, shusha matarajio: chipu hizo zilitokana na teknolojia ya PowerVR na draiva zake za Linux hazikuwahi kutengemaa. Picha utaiona, maandishi utayaandika, lakini video isahau.

Hatua ya 2: Chagua wagombea wawili, si kumi

Ukitafuta mifumo myepesi utakutana na orodha ndefu ambazo zimepangwa kana kwamba yote inafanana. Haifanani. Chagua miwili tu, mmoja wa kwanza na mmoja wa akiba.

Kwa RAM chini ya GB 2, wa kwanza kwangu ni antiX. Imejengwa juu ya Debian, mojawapo ya Linux kongwe, haitumii systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo kwenye Linux nyingi), na eneokazi lake ni la IceWM, programu ndogo isiyo na mapambo. Watengenezaji wake wanasema inaweza kuanza hata na RAM ya MB 256, na toleo la 23, lililojengwa juu ya Debian 12, lina faili la biti 32. Kwa macho haivutii, na menyu zake zimejaa vitu ambavyo hutavigusa kamwe. Nimeizoea hivyo hivyo.

Wa akiba ni Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003. Hii tangu mwanzo ilibuniwa kuishi kwenye flashi au CD: inajipakia yote ndani ya RAM, kisha kazi yako inaihifadhi kwenye faili moja. Kwa mashine yenye diski mbovu haina mpinzani. Kasoro yake ni kwamba ina desturi zake za pekee, na kwa kawaida unaitumia ukiwa msimamizi mkuu mwenye ruhusa zote, jambo linalowakosesha raha watu waliozoea Linux za kawaida.

Kama una GB 2 na prosesa ya biti 64, mlango unafunguka. Q4OS yenye eneokazi la Trinity inawafaa waliozoea sura ya Windows ya zamani, na Lubuntu yenye eneokazi la LXQt ni nadhifu. Lubuntu lakini iliacha biti 32 tangu toleo la 19.04, kwa hiyo mwongozo wowote unaokuambia uiweke kwenye N270 umepitwa na wakati. Tiny Core ni ya kustaajabisha, faili zima lina MB chache kuliko albamu moja ya muziki, ila utaijenga nyumba yako tofali kwa tofali. Nimeijaribu kwa kujifurahisha, sijawahi kuifanyia kazi. Ukiwa na RAM ya GB 4 na zaidi, mwongozo huu unakuhusu kidogo tu: chagua karibu Linux yoyote yenye eneokazi la Xfce.

Biti 32 zinazidi kuachwa. Chrome ya Linux iliziacha mwaka 2016, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake cha biti 32. Kwa N270 maana yake ni kwamba unaiongezea mashine miaka michache, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kuinunulia vipuri.

Hatua ya 3: Tengeneza flashi

Flashi ya GB 8 inatosha. Kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo kihamishe kwanza.

Pakua faili la ISO, yaani mfumo wote ukiwa ndani ya faili moja, kutoka tovuti rasmi ya mfumo wenyewe. Kabla ya kulichoma, yaani kuliandika kwenye flashi, likague. Kando ya faili kwenye tovuti kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Kwenye Windows fungua Command Prompt, nenda kwenye folda yenye faili, andika:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum jina-la-faili.iso`. Linganisha herufi chache za mwanzo na za mwisho. Zikitofautiana, pakua upya.

Najua wengi huruka hapa, nami nilikuwa miongoni mwao. Siku moja nilichoma faili lililokatika katikati ya kupakua. Mfumo ukaanza vizuri, nembo ikatokea, kisha skrini ikajaa mistari ya "SQUASHFS error" ikishuka kama mvua. Nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu la USB, nikafikia hatua ya kuishuku RAM. Jioni nzima ilikwenda kwa sababu ya ukaguzi wa dakika moja.

Kuchoma kwenyewe ni rahisi. Kwenye Windows tumia Rufus: chagua flashi, chagua ISO, bonyeza Start. Ikikuuliza kama uandike kwa namna ya ISO au ya DD, anza na ile inayopendekezwa, na flashi ikikataa kuwaka, rudia kwa DD. Kama unataka kujaribu mifumo miwili bila kuchoma mara mbili, Ventoy inafaa zaidi: unaiweka kwenye flashi mara moja, halafu unanakili mafaili ya ISO kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha, inakupa menyu ya kuchagua.

Kwenye Linux amri ni hii:

`sudo dd if=jina-la-faili.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Herufi X lazima uibadilishe, na hapo ndipo watu wanapolia. Andika `lsblk` kabla ya kuchomeka flashi, uandike tena baada ya kuichomeka, uone kipi kimeongezeka. `dd` haiulizi "una uhakika?" Ukiitaja diski kuu, itaifuta diski kuu kwa utiifu mkubwa.

Hatua ya 4: Maandalizi kwenye laptopu yenyewe

Nakili mafaili yako muhimu kwingine. Ndiyo, tumesema diski haitaguswa, lakini mikono huteleza.

Kama laptopu ina Windows 8 au 10, zima "Fast startup" kwenye mipangilio ya umeme. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, inalala nusu, na ukijaribu kufungua diski yake ukiwa ndani ya Linux utakataliwa au utaruhusiwa kusoma tu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine kabla hujabadilisha chochote kwenye UEFI, maana kuzima Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaoweza kukataa mifumo isiyotambuliwa) kunaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo.

Chomeka chaja. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye kigawanyio cha USB. Washa mashine huku ukibonyeza-bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: kwenye Eee PC ni Esc, kwenye HP nyingi ni F9 au Esc, kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye Acer nyingi ni F12 pia, ila sharti kwanza uingie kwa F2 na kuiruhusu menyu hiyo. Bonyeza kwa kurudiarudia kuanzia sekunde ya kwanza. Ukiona nembo ya Windows, umechelewa. Zima, anza upya.

Hatua ya 5: Kuwaka mara ya kwanza

Menyu ya mfumo ikitokea, chagua mstari wa juu kabisa. Mashine hizi nyingi zina USB 2.0, kwa hiyo kuwaka kutoka kwenye flashi kutachukua muda kuliko kutakavyochukua baadaye kutoka kwenye diski. Usiihukumu kwa hilo.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya mistari michache, washa upya na uchague "Safe Video" kama ipo. Kama haipo, bonyeza kitufe cha kuhariri mstari wa kuwashia na uongeze neno `nomodeset` mwishoni.

Utaona pia chaguo la "toram", linalopakia mfumo wote kwenye RAM ili flashi iweze kuchomolewa. Kwenye mashine ya GB 1 usilichague na antiX kamili, faili lenyewe ni kubwa kuliko RAM uliyo nayo. Puppy hufanya hesabu hiyo yenyewe.

antiX ikikuomba jina na nywila, jina ni `demo` na nywila ni `demo`. Ya msimamizi mkuu ni `root`.

Hatua ya 6: Maswali ya kuiuliza mashine

Sasa uko ndani. Usianze kubadilisha rangi za eneokazi.

Anza na saa. Laptopu za umri huu mara nyingi betri yao ndogo ya ubaoni imekufa, na kila zikizimwa zinarudi mwaka zilipotengenezwa. Ukifungua kivinjari, kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, nawe unadhani Linux ni mbovu. Tazama saa kwanza. Kama imepotea, isahihishe kwa `sudo date -s` ikifuatwa na tarehe na saa ndani ya alama za kunukuu, mwaka ukitangulia, halafu endelea.

Kisha Wi-Fi. Ikiwa mitandao haionekani, andika `rfkill list`. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `sudo rfkill unblock all`. "Hard blocked: yes" maana yake kuna swichi ya kweli, ya plastiki, au kitufe kwenye mstari wa juu wa kibodi. Niliwahi kupekua draiva usiku kucha kumbe swichi yenyewe ipo ubavuni mwa laptopu, chini ya kidole changu, imesogezwa kushoto. Kama hakuna kilichofungwa, `lspci -nn | grep -i net` inakutajia chipu. Za Broadcom ndizo zinazohitaji zaidi faili la ziada la draiva, na kama mgombea wako wa kwanza hanalo, mgombea wa pili huenda analo. Hapo ndipo faida ya kujaribu miwili inapoonekana.

Halafu skrini. Hili linawashangaza wengi. Skrini za inchi 10 nyingi zina nukta 1024 kwa 600, na watengenezaji wa programu hawakumbuki tena kwamba kuna skrini fupi namna hiyo. Unafungua dirisha la mipangilio, unabadilisha unachotaka, unatafuta kitufe cha OK hukioni. Kipo chini, nje ya skrini. Shika kitufe cha Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha kwa kitufe cha kushoto, ulivute lote kwenda juu. Kichwa cha dirisha kitapotea juu ya skrini na OK itajitokeza chini. Jifunze mkono huo leo, utautumia kila siku.

Pita haraka kwenye mengine: sauti kwenye spika na kwenye earphone, vitufe vya mwanga, kamera kama unaihitaji, kusogeza kurasa kwa vidole viwili. Funga mfuniko, subiri dakika, ufungue. Ikiamka na Wi-Fi ikarudi, umebahatika. Isipoamka, andika kwenye karatasi, maana hilo ndilo litakalokuudhi zaidi ya yote baadaye.

Betri iulize yenyewe:

`grep . /sys/class/power_supply/BAT*/*full*`

Namba moja ni uwezo iliyoundiwa, yenye neno "design", na nyingine ni uwezo uliobaki. Ikiwa iliyobaki ni robo ya ile ya kwanza, hakuna mfumo mwepesi utakaoirudishia.

Diski nayo iulize: `sudo smartctl -a /dev/sda`, kama programu ya smartmontools ipo. Tafuta mstari wa "Reallocated_Sector_Ct" na utazame namba ya mwisho kabisa. Sifuri ni njema. Ikiwa namba ni kubwa, basi huenda uzito wote uliokuwa unaulaani miaka hii ulitoka kwenye diski inayokufa, wala haukutokana na Windows. Kuna ishara nyingine ya wazi: kama laptopu inakwenda vizuri kutoka kwenye flashi ya kawaida kuliko ilivyokuwa ikienda kutoka kwenye diski yake, mgonjwa ni diski.

Sasa kivinjari. Kabla ya kukifungua, andika `free -h` na usome safu ya mwisho, "available". Achana na safu ya "free", inawatisha watu bure, kwa sababu Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi mafaili iliyoyasoma karibuni na kuiachia mara inapohitajika. Kwenye antiX, kabla hujafungua kitu, safu ya "used" husimama chini ya MB 200 hivi. Hapo ndipo watu hupiga picha na kujisifu.

Fungua Firefox na kichupo kimoja kitupu. Andika `free -h` tena. Fungua tovuti ya barua pepe unayoitumia kweli. Tena. Fungua tovuti ya habari unayoipenda, ile yenye matangazo yanayoruka. Tena. Kila mara andika namba ya "available" kwenye karatasi. Utaona ikiporomoka kwa hatua kubwa, na mahali fulani mashine itaanza kusita: mshale unakwama, herufi zinatokea baada ya wewe kumaliza kuziandika. Hesabu vichupo vilivyokuwa wazi wakati huo. Hiyo ndiyo namba yako. Kwa GB 1 huenda ikawa viwili au vitatu. Ukiweza kuishi nayo, mashine inakufaa.

Weka kiongezi cha uBlock Origin kisha urudie zoezi lote. Tofauti itakushangaza. Sehemu kubwa ya kinachoielemea Atom ni hati za matangazo na za ufuatiliaji, habari yenyewe ni nyepesi. Sijui badiliko lingine la dakika moja linaloisaidia laptopu dhaifu kuliko hilo.

Video ijaribu kwa namna mbili. Ndani ya kivinjari, shusha hadi 360p. Ikikatakata, ijaribu nje ya kivinjari kama mpv (kicheza video) na yt-dlp (programu ya kuvuta video za mtandaoni) vipo:

`mpv --ytdl-format="best[height<=360]" kiungo-cha-video`

Video ileile iliyokuwa inakwama ndani ya ukurasa mara nyingi inatiririka hapa, kwa kuwa prosesa sasa inafanya kazi moja tu. Kwa N270, 720p usiihangaikie.

Kwa wenye biti 32 kuna la kuzingatia: Mozilla iliacha kuitengeneza Firefox ya Linux ya biti 32 mwaka 2025, na tawi la mwisho lenye biti 32 ni la ESR 140 (ESR ni matoleo yanayopewa msaada wa muda mrefu). Hakikisha toleo ulilo nalo ni la ESR.

Hatua ya 7: Ishi nayo siku kadhaa

Saa moja ya majaribio haitoshi. Unahitaji kufanya kazi zako halisi, na kwa hilo flashi lazima ikumbuke mabadiliko. Puppy itakuuliza yenyewe unapozima: kubali kutengeneza faili la kuhifadhia, na uliweke kwenye flashi, usiliweke kwenye diski. Kwa antiX, flashi uliyoichoma kwa DD haiandikiki. Chomeka flashi ya pili, fungua Live USB Maker iliyomo ndani ya antiX, na utengeneze flashi kamili. Ukiwasha kwa hiyo, menyu inakupa chaguo la kuhifadhi mabadiliko, lenye jina la "persist". Chagua la kuhifadhi mfumo na folda ya nyumbani kwa pamoja.

Kisha andika barua ndefu. antiX kamili inakuja na LibreOffice; kwenye RAM ndogo AbiWord na Gnumeric zinafunguka upesi zaidi. Chapisha ukurasa kama una printa. Ingiza picha kutoka kwenye simu. Soma PDF nzito. Jaribu programu ile moja ambayo bila yenyewe huwezi kuishi. Kama ni ya Windows tu na haina mbadala, bora ulijue sasa.

Hatua ya 8: Kuamua

Kama mashine imefaulu, huna haraka ya kusakinisha. Puppy kwenye flashi inaweza kuwa makazi ya kudumu.

Ukiamua kusakinisha na laptopu ina diski ya inchi 2.5 ya SATA, badilisha kwanza diski hiyo kwa SSD, hata ndogo na ya kizamani. Kisha tazama RAM: nyingi za N270 zinakubali kijiti kimoja cha GB 2, na kutoka GB 1 hadi GB 2 ile namba yako ya vichupo itapanda kuliko mfumo wowote utakavyoweza kuipandisha. Kwa zile zenye hifadhi ya eMMC ya GB 32 iliyounganishwa ubaoni, hakuna cha kubadilisha, na kuweka mifumo miwili humo ni kujibana bure. Chagua mmoja.

Kisakinishi chenyewe kinajieleza. Swali moja tu linahitaji utulivu, lile la mahali pa kusakinisha: soma jina na ukubwa wa diski mara mbili, kwa kuwa flashi nayo iko kwenye orodha hiyo hiyo. Mkishamaliza wewe na mashine, zima, chomoa flashi, washa. Badilisha nywila zote ulizorithi kwenye jaribio, sasisha mfumo, weka uBlock Origin upya.

Flashi ya majaribio usiifute. Ibandike kipande cha karatasi chenye jina la mfumo na kitufe cha menyu ya kuwashia cha laptopu hiyo, uiweke kwenye mfuko wa chaja.